Feni za kompyuta zisizopiga kelele: feni tatu mezani, ipi ununue na uifunge vipi

Habari zenu, ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunashughulikia lile vumo la kompyuta ya mezani, ile inayounguruma mpaka ukiwa kwenye simu mtu wa upande wa pili anakuuliza uko kwenye daladala au vipi. Hapa mezani nina feni tatu, zote za milimita 120: Arctic P12 PWM PST, Noctua NF-P12 redux-1700 PWM, na Noctua NF-A12x25 PWM, hii ya rangi ya kahawia. Nitawaambia ipi ya kununua na ya kufunga wapi.

Lakini kabla ya kutoa hela, mjue kwanza ni feni gani inayopiga kelele. Hili boksi ambalo wengi wetu tunaliita CPU lina feni nne au tano: iliyo juu ya prosesa, za kesi mbele na nyuma, za kadi ya grafiki, na ya pawa saplai. Toa ubavu wa kesi, washa mashine, kisha gusa feni moja pale katikati, kwenye stika ya duara, kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka isimame. Sekunde mbili tatu tu. Kelele ikikatika, umempata mhalifu. Usiguse mabawa na usiingize kalamu, kwa sababu bawa likimeguka hata kipande kidogo feni itayumba na kutetemesha kesi nzima. Pawa saplai usiisogelee kwa kidole wala bisibisi. Ndani yake kuna kapasita yenye zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na huo umeme hata waya ukiwa umeshachomolewa ukutani. Kama kelele inatoka humo, badilisha pawa saplai nzima, hakuna njia ya mkato.

Ukigundua ni feni ya prosesa, angalia joto kwanza. Mashine imekaa tu, umefungua ukurasa mmoja wa intaneti, na prosesa iko nyuzi 80? Feni hapo haina kosa, inakimbia kwa sababu prosesa inaungua. Pesti ya joto, ile inayopakwa juu ya prosesa, imekauka, au vumbi limeziba mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupoza kilicho chini ya feni, kama blanketi. Feni mpya ya bei mbaya itakimbia vilevile. Safisha, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya mbaazi, kisha sikiliza tena. Na unapopuliza vumbi kwa blowa, shika mabawa yasizunguke. Hewa ya blowa inaizungusha feni kuliko kasi iliyotengenezewa, na beringi inaumia hapo hapo.

Sasa tuje kwenye kelele yenyewe. Kinacholeta kelele zaidi ya kitu chochote ni kasi. Feni ileile ukiipunguza kasi kwa nusu, kelele inashuka kama desibeli 15, na hiyo ni tofauti kubwa sana sikioni. Hewa inayopita inashuka kwa nusu tu. Kwa hiyo chukua feni tatu zikizunguka nusu kasi badala ya moja inayokimbia kasi yote: kwa hesabu hiyo zote tatu pamoja zina kelele pungufu kwa takriban desibeli 10, na hewa ni mara moja na nusu. Ndiyo maana nawaambia msinunue feni kwa kutazama RPM, yaani mizunguko kwa dakika, kubwa kwenye boksi. Arctic wenyewe wana P12 Max inayofika 3300 RPM. Ni feni nzuri kwa kazi yake, ila kama unachotafuta ni utulivu, unalipia kasi ambayo hutaifungulia kamwe. Ulizia inavyosikika ikiwa kwenye 700 au 900.

Haya, tuziangalie. Kamera sogea hapa kwenye hii ya kahawia. Mnaona mwanya kati ya ncha ya bawa na fremu? Ni nusu milimita. Plastiki ya kawaida ikizunguka miaka na kupata joto inatanuka kidogo kidogo, bawa lingeanza kukwaruza fremu, ndiyo maana feni nyingi mwanya wake ni mpana zaidi. Noctua, kampuni ya Austria, walitumia plastiki ngumu wanayoiita Sterrox ili mwanya ubaki hivi. Faida yake ni kwamba hewa hairudi nyuma kupitia pembeni, na feni inaweza kusukuma kupita mapezi ya hitisinki bila kuhitaji kukimbia. Mwisho wake ni 2000 RPM, na kampuni inaandika 22.6 dB(A), yaani desibeli, kwa kasi hiyo. Ndani ya boksi kuna vishikizo vinne vya mpira, waya wa kugawa, na kiunganishi cha kupunguza kasi kinachoishusha hadi 1700 RPM. Mabawa ni tisa.

Hii redux ya kijivu inaishia 1700 RPM, imeandikwa 25.1 dB(A), na inasukuma vizuri tu. Bei iko chini kwa sababu boksi halina vikorokoro, hata ile mipira unanunua kivyake. Arctic P12 ndiyo ya bei nafuu kuliko zote hapa, inaanzia 200 RPM hadi 1800, na inauzwa pia kwa furushi la tano. Ile PST maana yake plagi yake ina mdomo wa pili, unachomeka feni nyingine juu yake, na nyingine tena, zote zinafuata kasi moja. Kwa bodi mama yenye sehemu mbili tu za kuchomeka feni, hii inaokoa sana.

Msizilinganishe hizo namba za desibeli kampuni kwa kampuni. Kila mmoja anapima kwenye chumba chake tulivu, feni ikiwa wazi haina kitu mbele. Ukiiweka nyuma ya wavu wa kesi na kichujio cha vumbi, namba inabadilika. Tena sikio halisikii wingi wa sauti peke yake, linasikia aina ya sauti. P12 ina mabawa matano. Ikiwa kwenye 1200 RPM inazunguka mara 20 kwa sekunde, mabawa matano yanapita mara 100, basi unapata mvumo mzito wa hertzi 100. Noctua yenye mabawa tisa kwa kasi hiyohiyo iko kwenye 180. Mvumo mzito ndio unaoamsha bati jembamba la kesi likaanza kuitikia. Kwa hiyo ukifunga P12 ukasikia "mmmm" kwenye kasi fulani, usiirudishe dukani. Ishushe au ipandishe kama 100 RPM, na kwenye mpangilio uiruke hiyo sehemu.

Na zile feni za taa za rangi zisizo na jina, zinazokuja na plagi kubwa ya pini nne ya moja kwa moja kutoka pawa saplai? Hizo zinapata volti 12 muda wote, hakuna kupunguza. Nyingine zina plagi ya pini sita ya kisanduku chao cha kuziendesha tu, huwezi kuichomeka kwenye bodi mama. Ziacheni kama mnatafuta ukimya.

Sasa plagi, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Feni ya pini nne ni PWM: inapewa volti 12 kamili, na pini ya nne inatuma ishara ya kuiambia izunguke kiasi gani. Feni ya pini tatu haina hiyo pini, inapunguzwa kwa kushusha volti. Ukichomeka ya pini tatu kwenye bodi iliyowekwa PWM, itakimbia kasi yote bila kusikia la mtu. Ingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya bodi mama unaofunguka unapowasha mashine, tafuta hiyo feni, badilisha iwe DC, yaani ya kupunguzwa kwa volti. Kosa hili moja limewafanya watu waite feni nzima mbovu. Sehemu moja ya kuchomeka kwenye bodi kwa kawaida inabeba ampea 1. NF-A12x25 inakula 0.14, kwa hiyo tatu kwenye waya mmoja hazina shida, hata ukihesabu ule mshtuko wa kuwaka.

Pima pia matundu, usipime kwa macho. Feni ya 120 matundu yake yako umbali wa milimita 105, ya 140 ni 124.5, ya 92 ni 82.5. Kesi ikikubali 140, chukua 140: eneo lake ni zaidi kwa kama theluthi, hewa ileile inapatikana kwa kasi ndogo. Wenye zile Dell OptiPlex zilizotumika, zimejaa sana maofisini kwetu, kuweni makini: nyingi feni ya prosesa ina plagi ya pini tano ya kwao wenyewe, na mashine isipoiona inasimama kwenye onyo la feni kila unapowasha. Tafuta kwanza waya wa kubadilisha plagi, ndipo ununue feni.

Kufunga ni rahisi. Upande wenye mikono ya plastiki inayoshika injini ndiko hewa inakotokea. Mbele ziingize, nyuma itoe, na ya prosesa ielekee nyuma. Skrubu nne kaza kwa msalaba, zikishika tu zinatosha. Ukiwa na vishikizo vya mpira, vipitishe kwenye kesi, vute mkia mpaka usikie vimeingia, kisha mkia kata. Waya wote funga mbali na mabawa, maana ile "trrrr" ya ghafla mara nyingi ni waya unaoguswa.

Halafu BIOS, na hapa sisi wa Pwani tuna hesabu yetu. Mapitio mengi ya Ulaya yanafanywa kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa bila AC kinafika 31, na joto la prosesa linapanda karibu nyuzi kwa nyuzi pamoja na chumba. Ukinakili grafu yao ya kasi ya feni kwa kila joto, feni itakuwa inakimbia toka asubuhi. Mimi naanzia hivi: kasi ya asilimia 30 moja kwa moja mpaka prosesa ifike nyuzi 60, asilimia 50 kwenye 70, 75 kwenye 80, na mia kwenye 88. Kisha tafuta kipengele cha kuchelewesha, kwenye bodi nyingi kimeandikwa Step Up, weka sekunde 3 hadi 5. Prosesa za siku hizi zinaruka nyuzi 10 ukifungua tu programu, na bila kuchelewesha feni inapanda na kushuka vuu, vuu, vuu. Kupanda na kushuka huko kunakera kuliko sauti iliyotulia.

Ukiwasha ukapata onyo la feni ya prosesa, huenda feni ni nzima. Bodi nyingi zina kiwango cha chini cha kasi, mara nyingi 600 RPM, na feni tulivu inazunguka chini ya hapo. Shusha kiwango kiwe 200 au 300. Na ukisikia "tik tik tik" kwenye kasi ndogo, jaribu kuiweka feni DC badala ya PWM. Ikinyamaza, ni injini inayogongwa na ishara ya PWM, iache kwenye DC. Ikiendelea, ni beringi, irudishe ungali na risiti.

Ununuzi wangu basi: hela ikiwa ya kubana, P12 tatu, mbili mbele na moja nyuma, na feni ya prosesa isafishwe tu. Ukiwa na hela ya feni moja nzuri, weka NF-A12x25 juu ya prosesa, kwa sababu kule ndiko kuna mapezi ya kusukuma hewa na ndiko kasi inakopandia. Redux naichagua pale ambapo P12 imeleta ule mvumo na kesi inauitikia. Kwenye uwazi wa nyuma wa kesi, ile ya kahawia sioni sababu ya kuilipia.