Vifaa vya kulalia kambini Pwani: kipi kwanza, kipi mwisho

Anayepiga kambi Tiwi au Shanzu hapambani na baridi. Adui zake ni jasho, mbu na mchanga. Ndiyo maana swali letu la kwanza dukani ni moja: hewa itapita chini ya mgongo?

Kinachoongoza ni kitanda cha kukunja cha turubai. Upepo unapita chini yake, na nge akikatiza usiku hakukuti. Chagua fremu ya alumini. Ya chuma huliwa na kutu kwa chumvi ya bahari, na huanzia kwenye maungio. Kabla hujalipa, kikunjue, kalia katikati, kisha ukingoni. Mguu ukicheza, kiache. Mtu wa sentimita 180 atafute cha 190 au zaidi. Mchangani miguu huzama upande mmoja fremu ikapinda, kwa hiyo weka kibao chini ya kila mguu.

Cha pili ni machela ya kuning'iniza mitini, yenye chandarua kilichoshonewa humo humo. Ni nyepesi na ina ubaridi mzuri, ila alalaye kifudifudi haimfai. Mikanda ya kufungia iwe na upana wa sentimita 2.5 au zaidi, maana kamba nyembamba hukata gome la mti. Ilegeze kidogo ulale mshazari, mgongo unyooke. Funga kwenye mivinje. Minazi yenye nazi iepuke kabisa.

Sponji ya sentimita 5 ni ya tatu, na kwa mfuko mwembamba inatosha. Ibonyeze kwa ngumi: ukiihisi sakafu, nyonga yako nayo itaihisi. Tatizo lake ni unyevu. Jasho hushuka, likanaswa kati ya sponji na sakafu ya hema, na ukungu ukaota. Tandika mkeka wa ukindu chini yake, na kila asubuhi uianike.

Godoro la kujaza upepo tunaliweka mwisho. Hewa iliyo ndani ikipoa usiku hunywea, basi alfajiri limelegea hata bila tundu. Vipande vya matumbawe hulitoboa, na plastiki yake hunata mwilini. Ukilitaka lazima, nunua na viraka.

Chandarua chenye dawa si cha hiari. Kiwe kipana, kwa sababu kikigusa ngozi mbu huuma kupitia matunduni, na pindo lichomekwe chini ya godoro.

Cha kujifunika, leso au kikoi vya Biashara Street, Mombasa, vinatosha. Begi la kulalia ni la milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,000.