Miezi 14 na vidonge vya tamoksifeni baada ya upasuaji wa titi

Nina miaka 72, nakaa Makorora, Tanga. Mwaka jana nilitolewa uvimbe wa saratani wa sentimita 1.5 titi la kushoto. Titi lenyewe likabaki, tezi za kwapani zikakutwa safi. Nawaandikia wenzangu wa umri huu, maana mimi niliambiwa tu, "Bibi, sasa ni mionzi Dar," basi.

Mionzi ni Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, kila siku ya kazi kwa wiki tatu au zaidi. Kutoka stendi ya Kange ni safari ya kuchosha, na ukifika utafute pa kulala. Binti yangu alishatafuta mteja wa kununua cherehani yake, tupate pesa ya safari.

Aliyenifumbua macho ni daktari mwingine. Kwanza akaulizia kipimo cha homoni cha ule uvimbe. Kwenye faili hakikuwamo. Kinyama kilikaa wiki sita hakijapelekwa maabara, na hilo linaniuma hadi leo, kwani bila majibu yale huna cha kuchagua. Yakaja: uvimbe wangu unalishwa na estrojeni, homoni ya kike, ambayo vidonge vya tamoksifeni huizuia. Ndipo akageuza kadi yangu ya kliniki, akaandika 2 na 10. Marekani walifuatilia kwa miaka 10 wanawake wa miaka 70 na zaidi wenye uvimbe mdogo kama wangu. Kati ya kila 100 waliopata mionzi na tamoksifeni, ulirudi titini au kwapani kwa 2 hivi. Waliomeza vidonge tu, 10. Vifo havikutofautiana.

Nililala na kadi ile siku tatu, nikachagua vidonge. Shoga yangu, uvimbe wake haukuwa wa homoni, yeye alikwenda Dar, na alifanya sawa.

Nameza kimoja cha miligramu 20 kila siku, kwa miaka 5. Letrozoli, kidonge kingine cha saratani kama yangu, hudhoofisha mifupa, nami nilishavunjika mkono, tukaiacha. Miezi ya mwanzo joto lilinipanda usiku mpaka kanga inalowa, sasa limepungua. Mguu mmoja ukivimba au nikitokwa damu ukeni, nimeambiwa niwahi hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa hii yaweza kugandisha damu, na mara chache huleta saratani ya mji wa mimba.

Nimeridhika nayo. Mwezi ujao napigwa picha ya titi ya kila mwaka. Hiyo siikosi, maana ile 10 ya kwenye kadi bado naikumbuka.