Libby: vitabu vya kusikiliza vya bure, ukishaijua foleni yake

Kwa anayetaka kusoma zaidi ilhali macho na mikono vimeshikwa na kazi mchana kutwa, Libby ndiyo programu ya kuanza nayo. Ni ya OverDrive, kampuni ya Marekani, na ilitoka mwaka 2017. Unaazima vitabu vya kusikiliza kutoka maktaba ya umma bila kulipa chochote. Hata faini ya kuchelewesha haipo, kwani siku zikiisha kitabu kinajirudisha chenyewe.

Sharti ni kuwa na kadi ya maktaba iliyojiunga na huduma hiyo. Unatafuta jina la maktaba, unaingiza namba ya kadi na namba ya siri, basi, umeingia. Wengi hukwama kwenye namba ya siri: hiyo hutolewa na maktaba, kwa hiyo ukiisahau waulize wahudumu wa maktaba. Mwenye kadi za maktaba mbili aziingize zote, maana kitabu chenye msongamano huku huenda kule kimekaa tu.

Tatizo lenyewe ni foleni, na hapo ndipo watu hukata tamaa mapema mno. Faili la sauti lingeweza kunakiliwa mara elfu, lakini maktaba hununua leseni, na leseni nyingi huruhusu nakala moja isikilizwe na mtu mmoja tu kwa wakati. Nyingine hufikia kikomo, mathalani baada ya miezi 24, na maktaba ikalazimika kununua upya. Kwa hiyo kitabu kinachotajwa kila mahali kitakuwa na safu ndefu, hata kama maktaba ina nia njema kiasi gani.

Usiogopeshwe na idadi ya wanaosubiri. Igawanye kwanza kwa nakala. Watu 20 kwa nakala 4 ni watu 5 kwa kila nakala. Kila mmoja akikaa nacho siku 14, utangoja kama siku 70, na kwa kawaida ni pungufu, kwa kuwa wapo wanaomaliza mapema. Jiandikishe kwenye foleni za vitabu kadhaa kwa mpigo, na huku unangoja azima kilicho wazi leo. Shida huja zamu tatu zinapofika wiki moja. Una siku 3 za kujibu kila moja, na jibu linaweza kuwa kuazima au kuomba kiletwe baadaye. Ukichagua baadaye, anayekufuata anahudumiwa nawe unabaki karibu na mbele. Tunakiona hiki kuwa kipengele bora kuliko vyote humu, na inasikitisha kwamba wengi hawakigusi.

Muda wa kuazima hupangwa na maktaba, aghalabu siku 7, 14 au 21. Piga hesabu kabla ya kubonyeza. Kitabu cha saa 10 kwa siku 14 kinataka dakika 43 kila siku. Ukikisikiliza kwa kasi ya 1.25 kinakuwa saa 8, yaani dakika 35 hivi. Kasi hiyo masikio huizoea haraka. Ukipanda hadi 1.75 kwenye riwaya ambayo msomaji anabadilisha sauti kwa kila mhusika, utajua nani amefanya nini, lakini utapoteza pumziko kabla ya neno zito, na usomaji mzuri umo humo. Kasi kubwa iwekee vitabu vya maarifa.

Kabla ya kutoka, pakua kitabu kizima kwa waifai, ukikisia MB 30 kwa kila saa ya sauti. Usipofanya hivyo programu hucheza moja kwa moja kutoka mtandaoni, inakula bando, na mtandao ukikatika sauti nayo inakatika. Usiku weka kipima muda cha usingizi, la sivyo utaamka sura nne mbele.

Kuongeza muda kunawezekana siku 3 za mwisho, mradi hakuna anayekisubiri. Akiwepo, rudi kwenye foleni. Ukikipata tena unaendelea palepale ulipoishia.

Asiyeweza foleni kabisa aulize kama maktaba yake ina hoopla, programu nyingine ya kuazima. Huko unaazima papo hapo, kwa sababu maktaba hulipa kila kitabu kinapoazimwa, na ndiyo maana huweka kikomo cha idadi kwa mwezi. LibriVox nayo, tovuti ya vitabu vya kusikiliza vya bure iliyoanza mwaka 2005, haidai kadi yoyote, ila ni vitabu vya zamani vilivyotoka kwenye hakimiliki, husomwa na watu wa kujitolea, na ubora wa sauti hupishana sana. Sikiliza dakika 5 za msomaji kabla ya kupakua.

Ukimaliza kitabu siku ya sita, usikiache hadi ya 14. Fungua ukurasa wa vitabu ulivyoazima, gusa kitabu, chagua kukirudisha, na zamu itasogea kwa anayengoja.