Nimebadilisha wayaringi yote ya Land Rover 109 pikapu, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, nina Land Rover 109 Series III pikapu, dizeli, aliniachia mzee na mpaka leo inabeba majani ya ng'ombe na magunia huku Usa River, sio gari la maonyesho. Injini haina shida, ugonjwa wake ni umeme. Kila fundi aliyeishika alikata waya akaunga na tepu, akaongeza wa kwake wa rangi yoyote aliyokuwa nayo, yaani chini ya dashibodi pamekuwa kama kiota cha ndege. Ukiwasha indiketa, taa za nyuma nazo zinapepesa, ukikanyaga breki usiku zinafifia. Ilipoanza kutoa harufu ya plastiki inayoungua nikasema basi.

Fundi mmoja mjini alitaka kunisukia upya kwa nyaya za kuchomoa kwenye magari ya Kijapani, bei rahisi tu. Nikakataa, nikaagiza seti mpya ya nyaya za gari zima Uingereza, ikaja na shemeji. Ukiweka usafiri sio bei ya kitoto, lakini ningenunua tena, na sababu kubwa ni rangi. Seti imefuata rangi zilezile za kiwandani za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari: kahawia ni moto (yaani umeme) wa moja kwa moja toka betri, nyeupe inapata moto ukifungua swichi, kijani ni huohuo wa swichi ukishapita kwenye fyuzi, zambarau ina moto muda wote ila imepita kwenye fyuzi, bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ethi, yaani njia ya kurudishia umeme kwenye betri kupitia bodi na chesisi. Fundi yeyote atakayekuja baadaye na testa anajua anashika nini, hakuna kubahatisha.

Kufunga kipande cha mbele ni uvumilivu tu. Cha nyuma ndo kasheshe maana kinapita ndani ya chesisi, na humo kuna matope ya tangu enzi za Nyerere. Kabla ya kuchomoa cha zamani fungia kamba ngumu mwishoni ili ukikivuta kamba ibaki ndani, halafu unavutia kipya kwa kamba hiyohiyo taratibu huku mtu mwingine anasukuma upande wa pili.

Na ethi jamani!! Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, pale zinapokutana panaoza, na mtu anabadilisha balbu kila siku kumbe taa haina pa kurudishia umeme. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza boliti, paka grisi. Mimi nimevuta kabisa waya mweusi wa ziada toka taa za nyuma hadi kwenye chesisi na kule kupepesa kumekwisha.

Ambacho sijapenda: zile soketi za kuchomeka za mviringo, zinazoitwa buleti, nyingine zimelegea, ukivuta kidogo inatoka, ilibidi tuziminye na plaizi moja moja. Halafu seti imefuata kiwanda mpaka kwenye ubaya wake, taa kubwa hazina fyuzi na umeme wake wote unapita kwenye swichi ya usukani. Nimeongeza relei mbili (swichi za umeme zinazobeba mzigo wa taa badala ya swichi ya usukani) na fyuzi zake na aisee mwanga ni mwingine kabisa, balbu zilezile. Kama altaneta yako ilishabadilishwa ukawekewa ya Toyota kama yangu, plagi yake haiingii, andaa viunganishi vyake mapema.

Mwenye dizeli muulize muuzaji kabla ya kulipa kama waya wa plagi za hita, zile zinazopasha injini kabla ya kuwasha, umo. Kwangu haukuwemo na tumetengeneza wenyewe, ila tumezifunga kila moja ijitegemee, maana mtindo wa zamani zinafuatana kwenye mstari mmoja, ikifa moja zote nne zimelala na asubuhi ya baridi huku kwetu unasukuma gari.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya buleti.