Kununua Protini Lamu: Tazama Kwanza Kama Itaiva

Ujumbe mwingi ninaoletewa kutoka mitaa ya Langoni na Mkomani ni wa aina moja: maharagwe yaliwekwa jikoni asubuhi, adhuhuri imeadhiniwa, na bado yanagonga meno. Kwa hiyo sianzi na bei wala na gramu, naanza na kuiva.

Punje ikikaa sana ghalani penye joto na unyevu, na Lamu vyote viwili tunavyo, kuta za seli zake hukaza na maji ya moto hayaziachanishi tena. Hata ukiiloweka usiku kucha haitalainika vizuri. Makaa au gesi inayoteketea hapo ni sehemu ya bei, ila dukani hakuna anayeitaja. Wengine hutia magadi. Kweli yanaharakisha, lakini yanaharibu vitamini B1, na mimi siyatumii.

Katika orodha yangu ya protini za kununua, namba moja ni pojo (ndengu), tena zile za nailoni, mbegu ya N26, zenye kung'aa. Sizibadilishi na kitu. Gramu 100 kavu zina protini kama gramu 24, zaidi kidogo ya nyama mbichi ya uzani huo huo. Zikipikwa hunywa maji, gramu 100 za sufuriani zikabaki na 7 hivi, basi msilinganishe kavu na iliyopikwa. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na pojo zimepungukiwa kimoja, methionini, ambacho wali unacho. Wali nao umepungukiwa kingine, lisini, na pojo zinacho tele. Mbaazi na mahamri husaidiana vivyo hivyo.

Namba mbili ni samaki, na msimu wake ni kaskazi. Chukua kipande cha jodari, kwani tafi mdogo utamlipia kichwa, miba na matumbo. Kusi likichafua bahari bei hupaa, na hapo ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, hufaa, mradi uiloweke chumvi itoke.

Tatu mayai: moja lina gramu 6 hivi, na cha kutupa ni ganda tu. Nne nyama ya ng'ombe, kwa sababu kilo ya mifupa hulipiwa kama kilo ya nyama. Dagaa na kunde ni bei nafuu, nunua zikiwa safi.

Linaloniuma ni wauzaji. Mizigo huvushwa kwa mashua kutoka Mokowe, na gharama hiyo naielewa. Nisichokubali ni gunia la mwaka jana kuchanganywa na jipya na yote kuuzwa kwa bei ya jipya. Ukiuliza unajibiwa, "Mama, hizi zimeshuka jana." Zimeshuka gatini jana, lakini zilivunwa lini? Tazama rangi iliyofifia, ngozi iliyokunjamana na vitobo vya wadudu. Kisha omba robo kilo, ukaichemshe nyumbani kabla ya kununua kilo tano. Anayekataa kukupimia robo ya kujaribia, mwachie gunia lake uende duka la pili.