TAHADHARI TANGA: kuna fundi wa dek anapaka oili chafu na anauza paini kwa bei ya tiki

Wana Tanga wenzangu, na nyie wa Pangani mliojenga mabaraza ya mbao mnaangalia bahari, someni hii mpaka mwisho na mtumieni kila mwenye dek. Nimepigwa. Mimi na bi mkubwa wangu. Shilingi milioni mbili na laki nne imekwenda na dek imeharibika, na huyo mtu mpaka sasa yuko barabarani na kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, anatafuta mwingine. Nilikaa kimya kwanza kwa sababu ya aibu, nikasema watu watanicheka, ila nimesikia ameonekana anapima dek ya mtu mwingine na hapo nikaona kunyamaza ni kumsaidia mwizi.

Dek ya pale nyumbani wengi mnaijua, ni baraza la mbao juu ya maji ya bahari, watu wanalipia kufanyia shughuli zao. Marehemu mzee aliipiga kwa tiki, ile mbao ya bei, kutoka shamba la miti la Longuza enzi hizo, na tangu afariki haijapata mtu wa kuishika vizuri, ikawa kijivu, mbao kadhaa za upande wa ngazi zimelegea. Na shughuli ya hina ya wale jamaa wa Sahare ilikuwa inakaribia, wameshalipia nafasi. Kwa hiyo nilimtafuta fundi. Sikuokota mtu njiani tu, nilipewa namba na mtu ninayemuheshimu, na picha za kazi zake zilikuwa nyingi.

Sasa niwaambie alivyokuja ndio mtaelewa kwa nini nilimuamini, maana najua kuna watu watasema "wewe nawe". Alikuja asubuhi maji yamekupwa. Akamsalimia bi mkubwa shikamoo kwa heshima zote, akakataa kiti, akavua viatu kabla ya kukanyaga mbao. Akapiga magoti akapitisha kiganja. Akaniambia, "Dada, hii mbao haijafa. Ni jua limeunguza juu tu, ndani nzima." Na ni kweli, kile kijivu ni ngozi nyembamba inayoliwa na jua na mvua, chini yake mbao ipo vilevile. Akaomba ndoo ya maji matamu, akachagua kona mbaya kuliko zote, pale karibu na ngazi panapopigwa jua kutwa. Akatoa unga mweupe akaukoroga, ukafanya povu, akaumwaga akauacha ukae, akasugua kwa brashi laini akifuata nyuzi za mbao, taratibu, hana haraka. Akasuuza. Maji yakatoka meusi. Halafu akapaka dawa ya pili, asidi ya oksaliki, na yale madoa meusi ya misumari yaliyokuwepo tangu mzee yuko hai yakafifia naangalia kwa macho yangu. Bi mkubwa alisimama mlangoni akasema "Mashallah".

Akasema tusubiri ikauke, hapaki mafuta juu ya mbao mbichi. Akaenda kuswali adhuhuri msikiti wa mtaani na majirani. Aliporudi akafungua kopo jipya mbele yangu, kifuniko kimebana, akakibandua kwa bisibisi. Mafuta rangi ya asali, yananukia linsidi, yale mafuta ya mbegu za kitani. Akapaka kidogo, akaacha yanywe, akafuta yaliyobaki kwa kitambaa. Na kile kitambaa, sikilizeni hapa, hakukitupa, akakiloweka kwenye maji, akaniambia vitambaa vya linsidi ukivirundika vinaweza kushika moto vyenyewe bila kiberiti. Nilikwenda kuulizia, ni kweli tupu. Sasa mtu anayejua hata hilo utamtilia shaka ya nini? Jioni akanyunyizia maji ile kona, yakasimama matone matone, hayaingii. Mbao imerudi ile rangi yake ya dhahabu, ungesema imerandwa jana.

Pale pale nikamtumia milioni moja na laki saba. Alisema mafuta yanaagizwa Dar na mbao tano za tiki za kubadilisha lazima zilipiwe kwanza, na tiki sote tunajua bei yake. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake, akasema ni laini ya shemeji yake ndiye mshika hesabu. Nikabonyeza.

Siku ya kazi yenyewe mimi nilikuwa hospitali ya Bombo na bi mkubwa, kliniki yake, tumekaa foleni mpaka alasiri. Na naamini kabisa alijua, kwa sababu aliniuliza mwenyewe siku gani nyumba imetulia. Tuliporudi kazi imeisha. Dek nzima! Nyekundu, inang'aa, taa za uani zinapiga juu yake inapendeza. Nikamuuliza mbona haraka hivi, akasema amekuja na vijana wanne na mashine ya presha. Nikamuuliza harufu, akasema ni dawa ya mchwa itapotea. Akadai laki saba iliyobaki, vijana wanataka kurudi kwao. Nikalipa. Kazi imeonekana imeisha, ningemnyima kwa lipi?

Haikukauka. Kesho haikukauka, na iliyofuata. Simu akapokea mwanzoni, "mafuta mazito hayo dada, yape muda". Halafu hapokei. Halafu hapatikani.

Shughuli ya hina ilifika. Wanawake wametandika mikeka na mito wakakaa. Jamani. Mafuta yalipanda kupitia ukindu, madera ya watu yakaingia weusi kwa nyuma, dera la krimu la mama wa bi harusi halitavaliwa tena. Mkeka mmoja tulipouinua ulikuwa umenata kama kwenye ulimbo, nyuzi za ukindu zikabaki kwenye mbao. Harufu ni ya gereji. Nimerudisha hela ya watu na nimeomba radhi mpaka sauti imekauka, na bi mkubwa alijifungia chumbani kwa sababu ile ni dek ya mumewe.

Nikamwita mzee mmoja seremala wa Ngamiani, alifanya kazi na marehemu. Alichovya kidole, akanusa, akasema "Hii oili chafu, mwanangu." Oili ya injini iliyokwisha kutumika, imezimuliwa kwa dizeli na kutiwa ile oksaidi nyekundu ya kusakafia sementi. Linsidi hukauka kwa sababu ikipata hewa inaganda ndani ya mbao. Oili ya injini haigandi leo wala mwakani, itakaa hivyo hivyo mbichi. Watu wanapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, lakini sio pale mtoto anatambaa na mtu anaswalia. Na dek yetu iko juu ya maji, kila mvua ikinyesha ile takataka inashuka baharini kwenye samaki tunaokula.

Halafu mzee akatoa kisu akakwangua moja ya zile mbao "mpya za tiki". Chini ya wekundu nyeupe pee, ina mafundo, inanukia utomvu. Paini! Paini ambayo hata dawa haijatiwa, hapo pwani na chumvi na mchwa, sijui itamaliza masika mangapi. Tiki ukiikata ndani ni hudhurungi ya dhahabu na ukiishika ina mafuta mafuta. Na zimepigiliwa kwa misumari ya kawaida ya chuma badala ya skrubu zisizoshika kutu, kwa hiyo madoa meusi yatarudi, maana chuma kikikutana na ile tiki ya zamani kwenye unyevu lazima kiache weusi. Zile mbao za zamani nazo zimeota manyoya, wamezipiga presha karibu mno na jiki nyingi, nyuzi zimesimama, watoto wanachomwa vibanzi miguuni. Mzee anasema zile tano zitolewe, zilizobaki zipigwe msasa zote upya, na pale oili ilipozama sana haijulikani kama itatoka. Hiyo ni gharama nyingine juu ya gharama.

Kinachoniuma kuliko hela ni kwamba ANAJUA KAZI. Sio kilaza. Ile kona yake mpaka leo ni nzuri, ipo pale, kavu, safi, maji hayaingii. Angeweza kufanya dek nzima vile na akapata hela yake halali na mimi ningemtafutia wateja mji mzima. Ameamua kwa makusudi kumwibia mjane. Mtu wa hivi afungwe. Asiambiwe arudishe hela yakaisha kindugu, hapana, afungwe, na kile kirikuu kiuzwe walipwe aliowadhulumu, na vijana wake waseme walikotoa hayo madumu. RB ya polisi nimeshachukua. Na huyo shemeji mwenye laini naye aitwe, hela imeingia kwake.

Mnaouliza dalili: kopo la kwanza ni jipya lakini kazini anakuja na madumu ya njano, nimeambiwa na kijana wa jirani. Hela inakwenda kwa jina la mtu mwingine. Hataki uwepo siku ya kazi. Anaosha na kupaka dek nzima siku moja, wakati mbao iliyooshwa inahitaji siku kavu kadhaa, hasa huku kwetu na unyevu huu. Mbao kazileta zimeshapakwa rangi, hapo hapo ungezikwangua. Risiti ya mbao hana, ukiomba anasema iko kwa shemeji. Yule yule shemeji! Wallahi sitamuacha.

Jina lake na namba sitaandika hapa kwa sababu ya kesi. Anayetaka kujua kama ndiye huyo aliyeko kwake, aniulize inbox nitamtumia picha ya ile kona na picha ya dek, atafananisha. Na kama na wewe ulishapigwa ukanyamaza, njoo tuandikishe maelezo pamoja, tukiwa wengi hawezi kusema ni ugomvi wangu binafsi. Wewe wa Pangani uliyepimiwa dek wiki hii, kama hujatuma kianzio usitume, na kama umetuma nipigie leo usiku.