Kendall Band na REACH: vyombo viwili vya muziki ndani ya vituo vya treni

Kendall/MIT ni kituo cha treni za Red Line huko Cambridge, Massachusetts. Katikati ya njia mbili za reli yamening'inia mabomba ya alumini, na kwenye ukuta wa jukwaa la abiria kuna mpini. Hiyo ndiyo Kendall Band, kazi ya Paul Matisse iliyofungwa mwaka 1987. Ina vyombo vitatu: Pythagoras, mabomba 16 na nyundo 14 za msaji, Kepler, pete ya alumini yenye uzito wa karibu kilo 57, na Galileo, bati kubwa linalonguruma kama radi.

Pythagoras ndiyo ya kuifuata. Mgeni hukosea palepale: anavuta mpini kwa nguvu mara moja, hasikii kitu, anaondoka akidhani ni mbovu. Nyundo zile hubembea, na mpini kazi yake ni kuzichochea tu. Vuta na usukume taratibu, kwa mwendo uleule. Mwanzoni kimya, kisha nyundo moja inagusa bomba, inafuata nyingine, na ghafla safu nzima inalia. Hapo punguza nguvu lakini usibadilishe mwendo, kwa sababu kila kitu kinachobembea kina mwendo wake na ukiukatisha unakirudisha nyuma. Ukiachia mpini, mlio unaendelea kidogo kabla ya kufifia, na hicho ndicho kipande kitamu kuliko vyote.

Udhaifu wake uko kwenye viungo vinavyounganisha mpini na nyundo. Abiria mwenye haraka huvuta kama anafungua mlango uliokwama, na chuma huchoka. Ndiyo maana kazi hii ilikaa miaka ikiwa kimya, hadi wanafunzi wa MIT, chuo kikuu cha jirani, walipoanza kuikarabati kuanzia 2010. Ukikuta mpini umelegea, vuka ujaribu wa jukwaa la pili kabla ya kukata tamaa.

REACH ya Christopher Janney iko New York, kituo cha 34th Street–Herald Square, kwenye majukwaa ya treni za N na R, tangu katikati ya miaka ya 1990. Ni fremu ya kijani iliyoning'inizwa juu ya vichwa vya watu, yenye matundu ya sensa, yaani vifaa vinavyohisi mkono kwa mwanga. Nyoosha mkono mbele ya tundu, itoke sauti: filimbi, marimba, au milio ya msituni. Kuna fremu kila upande, kwa hiyo watu wawili wasiojuana wanaweza kujibizana ng'ambo ya reli. Hilo ni wazo zuri kweli.

Lakini hakuna anayetazama juu. Wengi husikia filimbi na kudhani ni spika ya kituo. Mtoto hafikii bila kubebwa. Sensa haichoki kwa kuvutwa, hapo inaishinda Kendall. Ila sensa yoyote ya mwanga ina adui wake, vumbi: lenzi ikifunikwa, mkono hauonekani. Na mpini ukivunjika kila mtu anaona, ilhali sensa hufa bila mtu kujua.

Tukipanga, Kendall inatangulia kwa mbali, hata kwa ubovu wake, kwa sababu mchezaji anausikia uzito wa nyundo mkononi. Kwa zote mbili epuka saa za msongamano. Anza kucheza treni ikishaondoka tu, maana ikirudi itafunika kila kitu.